Wengine wanakisifu hichi kitabu cha mapishi, mbona kwangu vitu havitoki?

SUALI: Assalaam alaykum Bi mwalimu. Mie niko Wete, Pemba, nimeolewa mwezi wa Shaaban. Kwenye zawadi za harusi nilipata kitabu cha mapishi ya kila siku, cha Kiingereza, kimechapishwa Uingereza, kile kinachouzwa sana. Wifi yangu mkubwa anaekaa mjini Unguja anacho na anakisifu mpaka basi, wifi mwengine wa hapa nyumbani anasema chakula chake hakina ladha, na mama mkwe anasema mwanamke anaepika kwa kitabu hajui kupika. Nimejaribu mara tatu. Mizani sina, gramu nimezigeuza kwenye simu kuwa vikombe. Keki haikufura, ilikaa kama kipande cha sabuni. Mkate wa hamira ulifura vizuri, nikauwacha saa moja na nusu walivyoandika, ukaanguka na ukawa mchachu. Kuku wa tui alibaki mgumu na tui likakatika. Jiko langu la gesi lina oveni ndogo chini. Nimsikilize nani, na kosa ni langu au la kitabu?

JAWABU: Waalaykumu salaam mwanangu, na hongera ya ndoa, Mungu awape kheri na maskilizano. Suali lako nimelisoma mara mbili na nimelipenda, mana hukuandika kitabu kibaya ukanyamaza, umesema umepika nini, umepima kwa nini na kimetokea nini, na mie bila ya hayo nisingekuwa na la kukwambia. Nafundisha upishi hapa mjini mwaka wa ishirini na kitu sasa na kila darasa jipya likianza lazima suali la vitabu liulizwe, ila wengi huja na hukumu tayari, huyu anasifu huyu anaponda, ukimuuliza umepika ukurasa gani anatafuta la kusema.

Nikutoe wasiwasi kwanza. Mkono wako hauna kosa, na kitabu nacho hakikudanganya. Kimeandikwa kwa jiko jengine, unga mwengine, kuku mwengine na hewa nyengine, na hakuna pahala walipokwambia hivyo kwa sababu mwandishi alikuwa anazungumza na mtu wa kwao, ambae hana haja ya kuambiwa. Na wifi zako wote wawili wanasema kweli. Huyu wa mjini naona kama mtu mwenye oveni nzuri, anaenunua kuku wa barafu na tui la kopo, anapika vitu vya watu wanne, basi jiko lake liko karibu na jiko la kitabu na vitu vinamtokea, kwa nini asisifu? Huyu wa nyumbani anapikia familia nzima, kwa nazi ya kukuna na samaki aliyetoka diko asubuhi, lazima aone kitabu hakimfai. Kila mmoja kapika kitu chengine kwenye jiko jengine halafu tunataka maneno yao yalingane, hayawezi kulingana.

Kwa hivyo mtu akikwambia kitabu kizuri au kibaya muulize kapika nini humo, kwa jiko gani, na mara ngapi, khasa hilo la mara ngapi. Chakula cha mara moja hakisemi kitu, siku hiyo gesi ilikuwa inaisha, au unga ulikuwa wa zamani, au mtoto alikuwa analia. Mara ya tatu ndo unajua. Kuna siku niliwaambia wanafunzi wangu waje na vitabu vyao wanavyotumia nyumbani, vikaja vitabu kumi na moja, nikavipanga juu ya meza bila ya kuvifungua nikaviangalia kwa ubavuni tu. Kitabu kinachopikiwa kinajulikana, kurasa zake zimevimba kwa unyevu, zina madoa ya samli, kimoja kilikuwa kimegandana kwa shira ya kaimati mpaka tukakitenganisha kwa kisu. Sasa yule bibie wa kitabu cha shira tulipomuuliza anakionaje alifikiri kwanza, akasema ukurasa huu punguza sukari, ule samaki wake uwache, biskuti za hapa ni nzuri lakini zitoe mapema. Maneno kama hayo ndo ya kuyasikiliza. Wenye vitabu visafi walikuwa na sifa kubwa kubwa na lawama kubwa kubwa na hakuna hata mmoja aliyetwambia kitu cha kufanyia kazi jikoni.

Tuje kwenye vikombe mana hapo ndo ulipoanza kupotea, na si wewe peke yako. Kitabu kimekupa gramu, simu ikakugeuzia kuwa vikombe, lakini kikombe cha simu ni kikombe cha Kimarekani, kinaingia mililita 240 kasoro kidogo, wewe ukachukua kikombe cha chai kabatini. Waarabu wanasema kikombe, Wazungu wanasema kikombe, na sisi tunasema kikombe, na kila mtu ana chake. Nilishawahi kuwaambia wanafunzi waje na kikombe wanachopimia nyumbani tukavijaza maji mmoja mmoja tukapima, kidogo kabisa kiliingia mililita 150, cha kawaida cha chai na maziwa kikaingia 180, na magi moja kubwa ikafika 330. Zaidi ya mara mbili! Sasa mapishi yamesema vikombe viwili vya unga, mwenye kidogo na mwenye magi wote wamefuata kitabu, mmoja kapata uji mmoja kapata jiwe, na wote wawili wanakwenda kukisema vibaya kitabu.

Huku kupima kwa kikombe na kijiko kilichosawazishwa kwa kisu aliyekueneza Marekani ni mwalimu mmoja wa skuli ya upishi ya Boston, Fannie Farmer, kitabu chake kilitoka 1896. Na hebu angalia habari za maoni ya watu zilivyo, wachapishaji wake hawakukiamini, walichapa nakala 3,000 tu na gharama wakamtwika mwenyewe, halafu kikaja kuingia karibu kila nyumba kule kwao, miaka na miaka. Wachapishaji walitoa maoni kabla ya kupika, waliopika wakatoa maoni mengine. Lakini mama yule alipoandika kikombe alikuwa na kikombe kimoja akilini, na kikombe hicho hakikuja na kitabu hapa Wete.

Mwambie mumeo akununulie mizani ndogo ya jikoni ya betri, hii namwambia kila biharusi, bora ukose blenda kuliko mizani. Mpaka hapo itakapokuja chukua chupa ya maji ya nusu lita, jaza kikombe chako uhesabu unapata vikombe vingapi, vikiwa viwili na kidogo basi kikombe chako ni kama 240, vikikaribia vitatu basi ni 180 na kila kikombe cha simu uongeze theluthi. Na unga usiuchote kwa kuushindilia, uchunge kwanza, kisha utie kwa kijiko mpaka ujae ukate juu kwa kisu, kikombe cha 240 kikijazwa hivyo ni kama gramu 120, ukishindilia kinaweza kufika 150 na keki imeshaharibika kabla hujawasha moto. Vijiko vina maana ileile, kijiko cha chai ni mililita 5 na kikubwa ni 15, ila vitabu vya Australia kikubwa chao ni 20, ukija kupata kimoja ukumbuke.

Haya, keki yako. Kikombe peke yake hakikaushi keki ikawa sabuni, pana kitu chengine, na nakuomba ufungue ukurasa ule sasa hivi uangalie neno lililokaa mbele ya unga. Waingereza keki zao nyingi hutumia unga unaoumuka wenyewe, wanaouandika self-raising, yaani unga wa ngano ambao kiwandani umeshatiwa beking pauda, kwa hivyo kwenye orodha yao mara nyengine hutoiona beking pauda kabisa au utaiona robo kijiko. Sisi unga wetu wa dukani ni unga mtupu. Ukiutia vilevile hakuna kitakachoinyanyua keki isipokuwa mayai, na mayai yenyewe ukitumia ya kienyeji ni madogo, nimepima mengi, yanakuja gramu 40 hivi na ganda lake, wakati yai kubwa la vitabu vya Uingereza ni 63 kwenda juu. Yaani umeambiwa mayai manne umetia kama mayai mawili na nusu ya kwao. Kwa kila gramu 150 za unga wetu tia vijiko viwili vya chai vya beking pauda, uchunge pamoja mara mbili, hapo utakuwa umeutengeneza ule unga wao. Na beking pauda ijaribu kwanza, tia nusu kijiko kwenye maji ya moto, isipochemka povu itupe, hewa yetu hii ya chumvi na unyevu inaiua upesi kopo likishafunguliwa.

Na oveni. Kitabu kitakwambia 180, kwenye majiko ya gesi ya Uingereza ni namba 4, lakini vioveni vyetu vidogo vya chini ya jiko vingi vina kidogo na kikubwa basi, namba hakuna. Kuna njia nawafundisha wanafunzi, sukari nyeupe huyayuka kwenye nyuzi 186, basi tia kijiko cha sukari juu ya kipande cha foili, washa oveni pahala unapodhani ni sawa, ikipata joto lake tia sukari humo robo saa. Ikiyayuka umezidisha, punguza kidogo urudie na sukari nyengine mpaka upate pahala ambapo haiyayuki lakini ukipandisha kidogo tu inayayuka, hapo ndo 180 yako, tia alama kwa rangi ya kucha kwenye kitufe. Jaribio moja hilo litakutumikia miaka. Umeme ukija kukupa oveni ya kisasa yenye feni ndani punguza nyuzi 20 katika kila ulichosomewa. Na anaechoma kwa makaa, mana wapo wanaonisoma hawana oveni, keki inataka makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko, wengi wanafanya kinyume chake kwa sababu mkono umezowea kupika wali, keki ikaungua chini katikati mbichi. Mkate wetu wa kumimina umechomwa hivyo tangu hapo, hakuna bibi aliyeuliza nyuzi.

Mkate wa hamira sasa. Huu ndo ulionifurahisha, kwa sababu umesema ulifura vizuri halafu ukaanguka, basi mkono wako wa kukanda mzuri na hamira yako nzima. Kilichokudanganya ni saa. Hamira ni kitu hai, kwenye joto inafanya kazi mbio kwenye baridi inasinzia, jikoni kwao ni nyuzi 20 hivi, jikoni kwetu Pemba mchana ni 30 na wewe umewasha jiko, basi kazi ya saa moja na nusu ya kwao kwetu inakwisha kwa dakika arubaini na tano, wakati mwengine chini ya hapo. Ile nusu saa na zaidi uliyongoja hamira ilikuwa imeshakula sukari yake yote, ikaleta uchachu na unga ukachoka ukakaa chini. Kwenye unga saa usiiangalie, angalia unga, ukifika kama mara mbili ya ulivyokuwa upapase kwa kidole kilichotiwa unga, uzamishe kidogo, shimo likirudi mara moja bado, likirudi taratibu na kubakia kidimbwi kidogo uchome, lisiporudi kabisa umeshachelewa. Na ukitaka upate nafasi ya kufanya shughuli nyengine tumia maji ya baridi ya mtungini badala ya vuguvugu, na hamira punguza ifike nusu, ladha inakuwa nzuri zaidi tena. Akina mama wa zamani walikuwa wanaumua unga usiku wakalala, si kwa sababu hawana kazi mchana, usiku una baridi.

Kuku wa tui nitakaa nae kidogo, kwa sababu ndipo hapo watu wengi wanapokichukia kitabu cha kigeni na kusema hawa hawajui kupika.

Kitabu kimekwambia dakika arubaini, na kuku anaemsema yeye ni kuku wa kisasa, mtoto wa wiki sita hivi, kabla hajajua kukimbia keshachinjwa. Wewe nadhani ulichinja kuku wa nyumbani, ana miezi mingi, keshazunguka shamba lote la karafuu, nyama yake ina kazi. Huyo saa moja na nusu kwa uchache na jogoo mtu mzima hata mbili. Mpake papai bichi lililosagwa na chumvi nusu saa kabla hujampika utaona, lakini lisizidi saa, litamfanya kama uji kwa juu. Ukiwa na haraka mnunue wa barafu ufuate dakika za kitabu zitakuwa sawasawa kabisa.

Tui ndo kisa chenyewe. Kitabu kinasema tia kopo moja la tui, mililita 400, chemsha dakika ishirini. Tui la kopo lina kitu cha kulishikisha kimetiwa kiwandani, linastahamili kuchemka hivyo. Tui lako ulilokuna kwa mbuzi na kulichuja kwa kung'uto halina kitu isipokuwa nazi, likipigwa moto mkali likafunikwa na ndani yake pana tungule na ndimu, lazima likatike, mafuta kule madonge huku. Wala hukuambiwa lakini mama mkwe wako anajua, muulize. Lile la mwanzo zito, kasimile, lieke pembeni lifunike. Kuku mpike kwa tui la pili na la tatu, hayo mepesi, pamoja na vitunguu, thomu, tangawizi, bizari, tungule, mpaka aive na mchuzi ukauke kauke. Sasa teremsha moto, tia kasimile, koroga kwa kwenda upande mmoja na ulipunge kwa upawa, chota upandishe umimine, chota umimine, usifunike na usiondoke, likianza kuchemka kwa ubavuni liwache lijikusanye dakika mbili tatu utoe, ndimu iwe ya mwisho ukishaepua. Nazi mbili za kiasi zinatosha pahala pa kopo moja, nazi kavu nzuri hata moja na nusu. Fanya ukurasa uleule, viungo vilevile, kwa mpango huu, halafu muonjeshe wifi yako anaesema hakina ladha.

Yeye nae ana haki kwenye jambo moja. Viungo vya mchuzi kwenye vitabu hivi ni vichache mno, kijiko kikubwa kimoja cha unga wa bizari wa pakti kwa kilo nzima ya nyama, sisi wenye uzile, giligilani, mdalasini, iliki na pilipili manga ndani ya nyumba hatuwezi kuita hicho mchuzi. Maoni yangu mie, na nimevipikia vitabu vya aina hiyo miaka mingi, ni kwamba uvitumie kwa yale wanayoyajua wao, keki, biskuti, supu za mboga, mayai, nyama ya oveni, saladi, mambo ya mikate ya maziwa, hapo wana nidhamu nzuri ya vipimo ambayo sisi hatunayo. Pilau, biriani, mchuzi wa samaki, usivitafute humo, hata kama picha nzuri. Nyama ya oveni inayotaka mvinyo tia supu ya mifupa na siki kidogo, inatosha.

Na jina la kitu lihakikishe kabla hujatia. Kwa Kiingereza neno la karafuu, clove, ndo lilelile la punje ya thomu, na nimewahi kumuona mwanafunzi wangu mmoja mzuri sana, mtoto wa shamba Pemba, anatia karafuu nne kubwa mpya kwenye sosi ya tungule ya watu wanne, alisoma nne akatia nne, na karafuu zenyewe si za pakti iliyokaa dukani mwaka, ni za juzi zimetoka kwenye jamvi. Chakula kilitia ganzi mdomoni na yule mtoto alilia. Ukiona neno hilo angalia limeandikwa na thomu au peke yake. Giligilani vilevile, jina moja kwao, coriander, mara ni mbegu mara ni majani, ikiwa imeambiwa katakata basi ni kotmiri. Na ukiuliza tafsiri kwa watu wa bara watakwambia pilipili hoho, wao wanakusudia hii tunayoiita pilipili boga, sisi hoho ni ya kuwasha, utaiharibu saladi nzima. Kitunguu kimoja cha kitabu ni kama viwili vitatu vyetu hivi vyekundu vidogo.

Hujaniuliza lakini nakuona unapikia nyumba ya watu wengi, na mapishi yameandikwa ya wanne. Ukizidisha mara mbili nyama na viazi na wali zidisha mara mbili, maji ya mchuzi usifike mara mbili, sufuria pana haikaushi kwa hesabu hiyo, tia moja na nusu uone. Chumvi na pilipili vilevile anza na moja na nusu ukamilishe kwa kuonja. Keki usizidishe ndani ya treya moja, piga mbili.

Sasa mama mkwe wako. Usimjibu kwa kitabu, tafadhali. Neno alilosema wengi wa rika lake wanalisema na lina khofu ndani yake, anaogopa yale ya kwake hayatorithiwa na mtu. Mie nilipoolewa mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa anapika vileja ambavyo mtaa mzima walikuwa wanaviagizia sikukuu, ukimuuliza unga wa mchele kiasi gani anakwambia kiasi, samli je, mpaka ukubali. Nikakaa nae asubuhi moja ya mfungo ishirini na saba, nikamuomba kila anachochota akipitishe kwenye bakuli langu kwanza, chini ya bakuli nimeeka mizani. Akachota ukufi wa mwanzo wa unga, gramu 46. Wa pili 45. Wa tatu 46. Watu wanadhani wazee walikuwa wanabahatisha, mama yule alikuwa anapima kwa mkono sawasawa na mizani yangu ya betri, tofauti gramu moja, na alikuwa hajui kusoma namba. Samli ilipoambiwa mpaka ukubali nilimwambia asimame pale pale unapokubali, nikapima, nikaandika. Alinitizama akasema, kumbe unataka kunieka ndani ya daftari. Nikamwambia ndio mama. Tangu siku hiyo alikuwa ananiita mwenyewe, njoo na kitu chako leo napika mkate wa ufuta.

Fanya hivyo na wako. Chukua mizani, kaa chini kwenye kibao chako karibu na seredani yake, usimuulize kiasi gani, pima kinachotoka mkononi. Na kile kitabu cha Kiingereza kiandike pembeni kwa penseli, kila ukurasa uliopika, tarehe, ulichobadilisha, nani kala nani kabakisha. Changu nimeandika hivyo mpaka kwenye ukurasa wa keki ya ndimu hakuna pahala peupe. Mtu akija kukuuliza kitabu hiki kizuri utamfungulia ukurasa.

Anza na keki kwa sababu ndo iliyokuvunja moyo, na usifuate idadi ya mayai. Chukua mayai manne ya kienyeji yapime na maganda yake, tuseme yamekuja gramu 170, basi siagi gramu 170, sukari 170, unga 170 na beking pauda vijiko viwili na robo vya chai. Siagi na sukari upige mpaka rangi ibadilike iwe nyeupe na mkono uchoke, kama dakika nane kwa mwiko, mayai utie moja moja, ikianza kukatika tia kijiko cha unga, kisha unga wote uukunje taratibu bila ya kupiga tena, iliki kidogo kama mnaipenda, tia kwenye treya ya sentimita 20 uliyopaka siagi. Moto pale ulipotia alama ya rangi ya kucha, usifungue mlango dakika ishirini za mwanzo, kwenye dakika thalathini na tano choma katikati kwa kijiti cha njukuti, kikitoka kikavu itoe. Niandikie imepanda kiasi gani.